Mlowezi, Mwenyeji na Mvamizi: Istilahi za Akiolojia ya Visiwa Vyetu

Miezi michache iliyopita tuliletewa rasimu ya maelezo mafupi ili tuipitie kabla haijapigwa chapa. Maelezo hayo, yaliyofasiriwa kutoka Kiingereza, yalikusudiwa wanafunzi wanaozuru Kilwa Kisiwani, na urefu wake haukuzidi kurasa mbili. Mfasiri alikuwa mtu makini na Kiswahili chake kilikuwa safi. Hata hivyo palikuwa na sentensi moja iliyotusimamisha. Ilisema kwamba walowezi wa Kishirazi walikivamia kisiwa na kuwaondoa wenyeji. Tulipoilinganisha na matini ya asili, tuliona kwamba matini hiyo haikusema hivyo. Ilisema tu kwamba watu kutoka ng'ambo walifika, wakakaa, na kwamba baadaye utawala ulishikwa na ukoo uliojinasibisha na Shirazi. Vita, unyang'anyi na kufukuzwa kwa watu vililetwa na uteuzi wa maneno matatu: mlowezi, kuvamia na mwenyeji.

Jambo hili si dogo. Mtoto wa Kilwa Masoko anayevuka kwa mashua kwenda kuitazama misikiti ya Kisiwani atasoma katika sentensi hiyo ama kwamba babu zake waliporwa kisiwa chao, ama kwamba babu zake ndio walioporа. Huko Unguja na Pemba jina la Mshirazi liliwahi kuandikwa katika hesabu za watu za wakati wa ukoloni kama kabila, na mwaka 1957 likaingia katika jina la chama cha siasa, Afro-Shirazi Party. Jina ambalo watu wamelibeba hivyo haliwezi kuwekwa ubavuni mwa kitenzi "kuvamia" kana kwamba ni suala la sarufi tu. Kwa sababu hiyo tumeonelea vyema kulileta jambo hili mbele ya wasomaji wetu, hasa wafasiri, walimu na maofisa ambao mikononi mwao hupita maandishi ya mambo ya kale, tuyachunguze maneno yenyewe huku tukiyapima na yale ambayo ardhi ya visiwa imeyafunua.

Na tuanze na mlowezi. Kamusi za zamani hukifasili kitenzi "kulowea" kuwa ni kukaa ugenini hata ukapazoea mahali, ukawa kama mtu wa hapo. Maana hiyo haina ukali wowote. Mtu aliyelowea ni mgeni aliyeacha kuhesabu siku za kurudi kwao; ameoa au ameolewa, amepanda minazi, na watoto wake hawaijui tena njia ya kwenda alikotoka baba yao. Lakini katika karne ya 20 lugha ilihitaji jina la Wazungu waliogawiwa mashamba makubwa katika nyanda za juu za Kenya na kwingineko, na jina lililochukuliwa ni hilo hilo. Tangu hapo magazeti, hotuba na vitabu vya historia vimelitumia neno "mlowezi" kwa maana ya mtu anayekuja akiwa na nguvu ya dola nyuma yake, anayetwaa ardhi, na asiyekusudia kamwe kuwa sawa na wale aliowakuta. Mwanafunzi wa leo wa kidato cha pili haijui maana nyingine.

Mmoja wetu alitoa hoja kwamba neno hilo lirudishiwe maana yake ya kwanza, kwa kuwa kwa maana ya pili tunalo tayari neno "setla", ambalo limeenea na halimchanganyi mtu. Hoja hiyo ina mvuto, na tuliijadili hata chai ikapoa. Hatimaye hatukukubaliana nayo. Istilahi haiwezi kusimama kwa kutegemea kwamba msomaji atasahau alichofundishwa darasani. Tunachopendekeza ni kwamba kitenzi "kulowea" kitumike bila hofu, kwa kuwa bado kinaibeba maana yake ya zamani, na kwamba nomino "mlowezi" iachiwe historia ya ukoloni. Anayetaka kuwataja watu wa kale waliotoka ng'ambo na kukaa anaweza kuandika "wageni waliolowea". Ni maneno mawili badala ya moja, lakini hayamdanganyi msomaji. "Wahamiaji" nalo lafaa, mradi pawepo ushahidi wa kundi la watu waliohama pamoja. Lakini mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi, akangoja kusi arudi, akachelewa, kisha akaoa, huyo hakuhama kwa maana hiyo, yeye alilowea.

Je, ardhi yasemaje? Kilwa Kisiwani ilichimbuliwa na Neville Chittick kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, na matokeo yakachapishwa mwaka 1974 katika juzuu mbili. Chini ya mji wa mawe alikuta makazi ya zamani zaidi, ya kiasi cha karne ya 9, yenye nyumba za miti na udongo, vigae vingi vya vyungu vilivyofinyangwa pwani hii hii, na vigae vichache vya vyombo vya ng'ambo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimbua katika miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta misikiti mingine midogo, mmoja juu ya mwingine, ile ya chini kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Maana yake ni kwamba watu wa visiwa hivi walikuwa na vijiji, biashara na hata misikiti kabla ya wakati ambao wanahistoria wamekuwa wakimweka mfalme wa kwanza wa Kishirazi wa Kilwa. Hapana tabaka linaloonyesha watu wa kwanza wakitoweka ghafla na wengine wakishika mahali pao. Vyungu vya awali vyabadilika pole pole, mapambo yakirithiana, kama vibadilikavyo vyungu vya mama na vya binti yake.

Mapokeo yenyewe hayazungumzi uvamizi wa wageni. Habari za Kilwa, zilizotufikia kwa Kiarabu na pia kwa njia ya Mreno João de Barros aliyezichapisha mwaka 1552, zasimulia kwamba mgeni alikipata kisiwa kutoka kwa mtawala wake kwa kumpa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Masimulizi ya Kiswahili humtaja mzee Mrimba, na huongeza habari ya ndoa. Mfasiri akiandika "alinunua", amekwisha kuamua kwamba ardhi ilikuwa bidhaa. Akiandika "alipewa", amekwisha kuamua kwamba ilikuwa hiba. Sisi twaona kwamba "alikipata kwa nguo" yatosha. Ni kweli kwamba habari hizo zaendelea kusema kuwa mtawala yule alikusudia kurudi kutoka bara kwa vita, na kwamba mlango wa maji ukachimbwa ili asiweze kuvuka. Lakini hata hapo anayetishia kuvamia ni yule ambaye rasimu yetu ilimwita mwenyeji!

Mfalme huyo, Ali bin al-Hasan, ni somo zuri kwa mfasiri anayependa tarehe zilizo imara. Kwa kuzihesabu habari zilizoandikwa, wanahistoria wa awali walimweka mwaka 957 au karibu yake. Chittick, akizitegemea sarafu na tabaka zilimopatikana, alimsogeza hadi kiasi cha mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, na hazina hiyo ikawarudisha nyuma wafalme wa aina yake hadi karne ya 11. Kibao kikiandikwa "957" bila neno jingine, kimeandikwa uongo ambao haukukusudiwa. Yatosha kuongeza "kwa mujibu wa habari zilizoandikwa" au "kwa mujibu wa sarafu". Mwandishi wa kibao atalalamika kwamba nafasi haitoshi. Tumewahi kuyasikia malalamiko hayo, na jawabu letu ni kwamba afadhali ufutwe mwaka wenyewe.

Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu 80 waliozikwa zaidi katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo, baina ya miaka ya 1250 na 1800 hivi. Ulionyesha kwamba kwa upande wa mama wengi wao walitokana na Waafrika, na kwamba kwa upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi. Na kwamba mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Habari hii ilipopokewa kwa Kiswahili tulisikia watu wakisema kwamba "damu" ya Waswahili imepimwa. Damu haikupimwa. Neno linalofaa ni "vinasaba", nalo lisichanganywe na "nasaba". Nasaba ni ukoo kama watu wanavyoutaja na kuujua. Vinasaba ni chembe zilizomo mwilini, ambazo mwenyewe hazijui. Mtu aweza kuwa na nasaba ya Kishirazi bila kuwa na vinasaba vya Uajemi, na kinyume chake, na hapo hapana aliyesema uongo. Aidha, mifupa hiyo ni ya waliozikwa mahali palipochimbuliwa. Haisemi lolote juu ya aliyezikwa shambani kwake. Na hata pale ilipoyaonyesha maungano ya watu wa pande mbili, haikuonyesha nani alikuwa na upanga.

Hapo ndipo neno "mwenyeji" linapoanza kuyumba. Ndani yake twasikia "mwenye mji", na katika matumizi ya kila siku ndiye anayempokea mgeni. Ni neno la uhusiano: hapana mwenyeji asiye na mgeni mbele yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa baada ya vizazi kumi vya jembe, nani mgeni? Katika maandishi ya akiolojia tunashauri neno hili litumike pale tu panapoelezwa tukio la kukutana, kwa mfano Wareno walipotia nanga mbele ya Kilwa. Panapotajwa watu walioishi mahali fulani katika karne fulani, "wakazi" latosha, wala halimpi mtu hati ya ardhi.

Sasa tuje kwenye mahali penyewe. Lugha ya ofisi hutumia "magofu" kwa kila kitu, na mtu akisema "magofu ya Kilwa" wote huelewa. Hatuna ugomvi na neno hilo, ila tunaomba libaki kwenye maana yake: gofu ni jengo lililobomoka na kusimama likiwa limechakaa. Jengo la udongo na makuti haliachi gofu. Huacha mashimo ya nguzo, sakafu iliyoshindiliwa, majivu ya meko na vipande vya udongo ulioungua vyenye alama za fito. Tumbe, upande wa kaskazini wa Pemba, palikuwa na makazi makubwa baina ya karne ya 7 na ya 10, na Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walipopachunguza hawakukuta ukuta wa mawe wa kupigwa picha. Unguja Ukuu nayo ilikuwa bandari yenye shughuli nyingi katika karne hizo, na hapo pia mgeni atafutaye magofu huondoka akinung'unika. Hata Songo Mnara, mji wa karne ya 14 na ya 15 wenye nyumba za mawe zilizo bora kuliko nyingi za pwani, ulikuwa na nyumba za udongo ndani ya ukuta wake. Tukiita mahali pote hapa "magofu", tumemfundisha mwanafunzi kwamba waliojenga kwa mawe ndio waliokuwako, na waliojenga kwa udongo hawakuwako.

Kiswahili kina neno la zamani lililo bora, nalo ni "hame", wingi "mahame": mahali palipokuwa na watu nao wakahama. Wengine husema "ganjo", na huko bara twasikia "matongo". Hame halichagui mawe wala udongo. Twapendekeza basi "hame" liwe istilahi ya makazi ya kale yaliyoachwa, na "gofu" liwe jengo mojawapo ndani yake, ili tuweze kusema bila kujikwaa kwamba Tumbe ni hame lisilo na magofu. Neno "saiti", ambalo mafundi ujenzi wamelizoea, liachiwe mafundi hao.

Pendekezo hilo lina kasoro ambayo tuliionyeshwa na mzee mmoja wa Kisiwani. Tulipomweleza kwamba kijiji chake kingeitwa hame, alitutazama kwa muda kisha akauliza, "Na sisi tumehamia wapi, mwanangu?" Alisema kweli. Kilwa Kisiwani ina watu, wanaovua na kulima na kuswali, na kisiwa hakijawahi kuachwa kwa namna ambayo Songo Mnara iliachwa. Unguja Ukuu nako ni kijiji kilicho hai. Kwa hiyo mahali penye wakazi hadi leo pasiitwe hame. Hapo tutumie "mji wa kale wa Kilwa", au "eneo la kale" ikiwa hapakuwa mji. Hatuoni aibu kuwa na istilahi mbili kwa jambo ambalo Kiingereza hulitaja kwa moja, maana mambo yenyewe ni mawili.

Katika maneno ya vita ndimo makosa yaletayo madhara makubwa hutokea, na Kilwa yenyewe imetega mitego miwili. Wa kwanza ni Husuni Kubwa. Husuni kwa asili yake ya Kiarabu ni ngome, na wafasiri kadhaa wameandika "Ngome Kubwa". Lakini jengo hilo la mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100, nyua zilizo wazi, birika la pembe nane na maghala, lilikuwa kasri na mahali pa biashara. Hakuna dalili kwamba lilijengwa kwa ajili ya vita. Mtego wa pili ni Gereza, ambalo ndilo ngome hasa. Neno hilo latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kutoka kanisa lilipita kwenye ngome, na kutoka ngome likafika kwenye kifungo. Mwalimu mmoja alitusimulia kwamba wanafunzi wake walizunguka ndani ya jengo hilo wakitafuta vyumba vya wafungwa. Hivyo mwanafunzi asiyeelezwa hutoka Kilwa akiamini kwamba mfalme aliishi ngomeni na kwamba Wareno na Waomani walijenga jela. Majina haya ni majina maalumu, yasifasiriwe. Yaandikwe kama yalivyo, na mbele yake liwekwe neno la maelezo: kasri la Husuni Kubwa, ngome ya Gereza.

Kuhusu mapigano yenyewe, twaona kanuni iwe kwamba kitenzi chenye mtendaji kitumike pale ambapo mtendaji anajulikana. Mwezi wa Julai 1505 manowari za Francisco de Almeida zilifika Kilwa. Askari wake walishuka, wakauteka mji, wakaupora na kujenga ngome, ambayo waliiacha mwaka 1512. Hapa "kuvamia" ni neno sahihi, na mfasiri asilipunguze makali kwa kuandika "kuwasili". Kadhalika mji wa Kua, kisiwani Juani katika Mafia, wakumbukwa kuwa uliangamizwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliovuka bahari kwa mitumbwi kutoka Bukini, wakauchoma na kuwachukua watu utumwani. Neno "uvamizi" lilistahili kuwekwa akiba kwa ajili ya siku kama hizo.

Haki ya vitenzi yatakiwa pande zote. Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 alieleza kwamba sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifiwa kwa ukarimu, alikuwa akienda mara kwa mara kuwapiga watu wa bara na kurudi na ngawira. Katika rasimu tuliyoitaja, wageni wa kale "walivamia", ilhali sultani huyu "alifanya safari za kijeshi". Tulimwuliza mfasiri kwa nini, akacheka, akasema kwamba hakulitambua jambo hilo hadi tulipomwonyesha. Tunamwamini. Mara nyingi uteuzi wa namna hii hufanywa na mkono kabla akili haijashauriwa.

Panapokosekana mtendaji, ardhi ipewe kusema kile tu inachojua. Tabaka la majivu ni tabaka la majivu. Laweza kuwa la vita, laweza kuwa la makuti yaliyoshika moto kutoka jikoni. Shanga uliachwa katika robo ya kwanza ya karne ya 15 au karibu yake. Habari za Pate husimulia kwamba Wapate waliushinda mji huo. Huenda ndivyo, lakini kuachwa kwa mji ni jambo lililochimbuliwa, na kushindwa kwake ni jambo lililosimuliwa, na sentensi moja isiyafunge pamoja bila kuonyesha fundo liko wapi. Pujini, huko Pemba, pana mzunguko wa kuta za udongo ambao mapokeo huuhusisha na Mkama Ndume, mtawala mwenye jina la ukatili. Huo twaweza kuuita "boma", neno linalotaja umbo la mahali palipozungushiwa kinga, bila kuamua kwamba adui alifika. "Ngome" liwe ni mahali palipojengwa kwa silaha na askari.

Yapo maneno madogo tutakayoyapitia haraka. "Kufukua" lieepukwe katika maandishi ya akiolojia, maana masikioni mwa watu wa pwani hufukuliwa makaburi na hazina, na wachimbuaji wamewahi kufukuzwa vijijini kwa dhana hiyo. "Kuchimba" ni kutoa shimo. "Kuchimbua" na "uchimbuaji" ndiyo yanayofaa. Neno "tabaka" tulilolitumia hapo juu lina wingi wa namna mbili, nasi twapendekeza "tabaka za udongo" na "matabaka ya watu", ili mwanafunzi asidhani kwamba mabwana wamezikwa juu na watwana chini. "Kigae" kwa watu wa mjini ni cha paa. Basi tuseme "kigae cha chungu", na kipande kikubwa kiitwe "gae". "Mavi ya chuma", yaani uchafu ubakio baada ya kuyeyusha chuma, ni istilahi ya wahunzi wenyewe na haina kasoro. Ofisa mmoja aliyeibadilisha kuwa "masalio ya madini" kwa ajili ya heshima ameiharibu. Hatari zaidi ni "kauri", kwa maana ni udongo laini wa vyombo vya Kichina na pia ni simbi wa baharini. Ripoti iliyosema kwamba katika shimo fulani zilipatikana kauri 14 haikutuambia kama mtu huyo wa kale alifanya biashara na China au aliokota ufukweni. Tusema "vyombo vya kauri" kwa kile cha kwanza, na "simbi" au "kete" kwa kile cha pili.

Limebaki jina la vile vyungu vya awali, vinavyopatikana toka Lamu hadi Msumbiji, Komoro na mbali ndani ya bara. Chittick aliviita vyombo vya jikoni. Jina hilo halikukusudiwa kudharau, lakini lilidharau: vyombo vya ng'ambo vilipewa majina ya nchi na karne, na vya kwetu vikapewa jina la chumba. Horton aliviita kwa jina la mto Tana, na hapo wasomaji wa kusini wakauliza kama wafinyanzi wao walijifunzia Kenya. Felix Chami, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alivitaja kwa mapambo yake, yaani mistari iliyochanjwa kwa umbo la pembetatu. Kwa upande wa istilahi twaliona jina la mapambo kuwa salama zaidi, kwa kuwa chungu chenyewe chaweza kulithibitisha mbele ya macho ya mwanafunzi, na kwa sasa tunaandika "vyungu vya chanjo za pembetatu".

Hata hivyo "chanjo" limekwisha kushikwa na hospitali, na walimu wawili wametuonya kwamba darasa hucheka. Wafinyanzi wa Pemba, wa Mafia na wa Lamu hawakosi kuwa na neno lao la kuutaja mchoro unaokatwa kwa ncha ya kijiti kwenye udongo mbichi, shingoni mwa chungu, kabla hakijachomwa. Msomaji aliye karibu nao atakayetuandikia neno hilo, pamoja na jina la kijiji linakotumika, atakuwa ametuokoa.